Mguu wa R

Jumapili, 1 Juni 2003

Wiki ya tatu ya ndoa na bado kila nikiamka nageuka kwanza kuona kama yupo. Yupo! Analala kifudifudi, mkono mmoja umening'inia nje ya kitanda kana kwamba hata usingizini ameshika kamba.

Hamood. Mume wangu. Naandika maneno haya mawili ili tu niyaone kwenye karatasi.

Leo alinipeleka ufukwe wa Kajaga nimwone akicheza na kaiti. Ni tiara kubwa la kitambaa, kubwa kuliko chumba chetu, nalo linamvuta akiwa amesimama juu ya ubao, maji yanaruka huku na huku, wavuvi wanaacha nyavu zao wanatazama. Baadaye upepo ukalegea, kaiti ikalala majini kama shuka. Mwingine angefunga virago. Yeye akatoa parapanti, bawa la kitambaa la kurukia.

Alivinunua vyote kwa mzungu mmoja wa mambo ya maji, aliyeondoka vita vilipomchosha. Mzungu alimwambia kaiti na parapanti ni ndugu: kaiti inakufunza mkono, parapanti inakufunza kusoma hewa. Anakaa kwenye kiti cha mikanda, bawa jekundu liko nyuma yake mchangani. Léonce rafiki yake anamvuta kwa mashua ya mota mpaka bawa linajaa, anapanda, anapanda, kisha anaachia kamba na kubaki juu peke yake. Nilimuuliza kukoje. Akasema ni mahali pekee Bujumbura ambapo hakuna anayekuuliza kitambulisho.

Watoto walimfuata ufukweni wakiimba: Para! Para! Sasa ndilo jina lake. Hata dukani kwao, Quartier Asiatique, mteja anayetaka kitambaa cha pazia anauliza, "Para yuko wapi?"

Tuliwahi bariyeri ya askari barabarani kabla haijafungwa. Nina mchanga hadi masikioni. Nina furaha hadi naona haya.

Jumatano, 4 Juni

Mama mkwe, Bi Ruqaya, alikuja na sambusa. Na maneno.

Hawezi kutamka parapanti, au hataki. Anasema parapanda. "Hiyo parapanda yako, Hamood, ndiyo itakayotuita sote siku ya kiyama." Hamood akambusu kichwani. "Mama, ile ya kiyama inapigwa. Hii inapanda tu." Bi Ruqaya hakucheka. Alinigeukia mimi. "Na wewe, bibi harusi, umeolewa na mtu au na ndege?"

Nikasema, na mtu. Lakini moyoni nilitaka kusema vyote viwili.

Alipoondoka aliniachia neno moja mlangoni: mwambie ashuke, wewe atakusikia. Sikumwambia. Ningemwambiaje?

Usiku milio ya bunduki kutoka upande wa Kanyosha. Siku hizi naweza kutofautisha ya mbali na ya mbali sana. Tumepanga hapa Kibenga kwa ajili ya terasi inayotazama ziwa, lakini mgongo wa nyumba unatazama milima, na huko juu ndiko waliko watu wa msituni, waasi. Hamood anasema tusiangalie mgongo wa nyumba.

Jumamosi, 7 Juni

Leo nimeshona!

Nimechukua uzi wa njano uliobaki kwenye mapazia ya harusi nikamwandikia jina lake kwa mkono, PARA, herufi kubwa, kwanza kwenye mfuko wa kaiti. P ikaenda vizuri, A vizuri. Nikiwa kwenye R, Hamood akajifunga kanga yangu kichwani, akainua kidole kama mama yake: "Parrrapanda!" Nilicheka hadi sindano ikapotea njia. Mguu wa R ukapinda kama wa mtu aliyejikwaa. Nilitaka kuufumua. Akanishika mkono. "Acha. Huo ndio mzuri kuliko yote. Kwenye kiti nishonee hivyo hivyo, vifanane."

Basi kwenye mgongo wa kile kiti cha mikanda nimeshona tena, kubwa zaidi, na R yake nimeipinda kwa makusudi. Hakuna majeshi duniani yenye R kama hii.

Naandika majeshi kwa sababu ya Léonce. Alipita jioni, akaona, akapiga mluzi. "Eh, shemeji. We unajua para ni nani mu hii muji? Sasa kwenye bariyeri watatupigia saluti." Najua, nani hajui. Para ni wale wanajeshi wa miavuli, wale ambao wakipita na malori yao mtaa unanyamaza. Lakini watoto wa Kajaga ndio waliompa jina, si mimi. Léonce mwenyewe alicheka. Tukacheka wote.

Ijumaa, 13 Juni

Hatukulala. Kombora lilianguka chini ya Musaga, madirisha yakalia. Tulikaa sakafuni kwenye korido, mgongo wake ukutani, mgongo wangu kifuani kwake. Aliniambia niseme kitu chochote kizuri. Nikasema: nataka kukuona ukiruka kutoka terasi yetu. Nataka niwe nyumbani, nimevaa vizuri, niinue macho, nisome herufi zangu.

Akasema askari wa ufukweni wamempa ruhusa ya juu ya maji tu. Nchi kavu, apana.

Nikasema, kidogo tu. Barabara tu.

Akanivutia kanga miguuni. Kisha akasema sikioni mwangu, "Jumapili."

Jumapili, 15 Juni

Hajarudi.

Niandike yote sasa, nisije nikaanza kuyakumbuka vibaya.

Mchana nilipanda terasi na dera la njano ili naye anione. Nililiona bawa lake jekundu likiinuka kutoka majini, mashua ya Léonce chini yake ndogo kama kiatu. Akaachia kamba. Akazunguka mara moja juu ya maji, akaja. Akapita ufukwe, akapita barabara. Alipogeuka kurudi ziwani alinipa mgongo na nikaisoma. P, A, R, A. Niliisoma kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. Akanipungia mguu.

Upepo wa ziwani ukaja wakati huo huo. Shuka kwenye kamba ziliinuka zote kwa pamoja. Yeye alikuwa ametazama ziwa, bawa lake limetazama ziwa, lakini alikuwa anarudi nyuma. Nilicheka. Nilidhani ananichezea. Akapita juu ya nyumba yetu nikaona nyayo za viatu vyake. Sikusikia alilosema. Aliendelea kurudi nyuma, uso kwetu, juu ya migomba, juu ya mabati, akawa mdogo, mpaka mlima ukamkaribia kwa nyuma na yeye hauoni. Bawa likakunjika upande mmoja. Kisha mikaratusi. Kisha hakuna.

Baadaye kidogo, risasi. Chache. Siwezi kusema za nani.

Léonce alikuja mbio, maji yanamtiririka, ameshika telefoni ya Hamood ndani ya plastiki. Alimwachia isilowe. "Mi nilikuwa nainua mikono, shemeji. Rudi, rudi. Hakuniona. Alikuwa anaangalia kwako."

Alijaribu kupanda njia ya Kanyosha. Askari walimrudisha. Kule hakuendeki baada ya saa hizi, walimwambia, na asubuhi pia hakuendeki.

Jumatatu, 16 Juni

Wanajeshi walikuja. Watatu. Mkubwa wao alivua kofia, akakaa, akakubali maji. Sauti laini.

"Bibi, mume wako alienda kule kwa hiari yake?"

Nikasema, upepo.

"Upepo," akarudia, akamtazama mwenzake.

Akauliza nani alimruhusu kupita juu ya nchi kavu. Akauliza alikuwa anapeleka nini. Nikasema hakupeleka kitu, ni mchezo, kama mpira. Mwenzake akacheka puani. Halafu yule mkubwa akaweka glasi chini polepole. "Na jina letu mgongoni. Tumeliona kwa darubini. Nani alimpa?"

Nikasema sijui.

Nilisema sijui! Jina nililolishona kwa mikono yangu. Na mfuko wa kaiti ulikuwa nyuma ya mlango wa chumba, hatua chache kutoka goti lake.

Akasema watarudi kupekua, na kwamba kuvaa jina la jeshi si mchezo kama mpira.

Walipotoka tu nilichukua wembe. Nilifumua herufi zote, nikachana nyuzi, nikazitia kwenye jiko la makaa. Katikati ya kazi Bi Ruqaya akaingia. Léonce alikuwa amemwambia. Nilingoja aseme kwamba alinionya, alikuwa na haki ya kusema. Aliangalia wembe, akaangalia mfuko, akakaa chini kando yangu bila kuvua buibui. "Fumua, mwanangu. Fumua yote."

Haijasikika habari yoyote. Mama mkwe anasali chumba cha pili. Mimi nikisali nakwama pale pale, namwomba Mungu aubadilishe upepo wa jana.

Jumanne, 17 Juni, asubuhi

Yu hai. Yu hai. Yu hai.

Dévote aliniita ukutani. Ni jirani yetu wa nyuma, muuguzi, mama yake anakaa kule mlimani na hakukubali kamwe kuhama. Mama yake ametuma mtu na kikapu cha ndizi, na habari chini ya ndizi. Hamood alianguka kwenye mikaratusi. Mguu umevunjika. Walimkuta watu wa msituni, wamemlaza kwenye nyumba moja jirani na mama yake.

"Walisoma mugongo yake," Dévote akasema. Hakunitazama. "Para. Walitaka kumumaliza pale pale."

Alijitetea. Akasema ni parapanti, ni mchezo wa wazungu. Hawajui mchezo huo. Akasema ni jina la utani, mke wangu alilishona. Mmoja akasema kila para ana mke. Lakini mkubwa wao akageuza kile kiti, akaangalia uzi kwa karibu, akauliza: para gani huyu, anashonewa na uzi wa pazia? Hamood akamwambia: nyumbani kuna mfuko wenye herufi hizo hizo. Mkono ni ule ule. R imepinda mguu pale na pale. Muulizeni mke wangu kwa nini, alikuwa anacheka.

"Wamesema waone ile mufuko," Dévote akasema. "Leo. Mi na we, wanawake, tutapita na njia ya ndizi, wanaume hawawezi. Kama mukono ni moja, watamuacha mama yangu amufunge ule mguu, tutamushusha. Kama si moja..." Akatazama mlimani. "Leta tu ile mufuko, dada."

Nikageuka kutazama jiko la makaa.

"Nini?" Dévote akasema. "Miza, nini?"

Jumanne, baadaye

Naandika kila Bi Ruqaya anapotia uzi kwenye sindano.

Uzi uliobaki kwenye kibiringo ni mdogo. Utatosha ukienda moja kwa moja, bila kukosea. Ule wa kwanza ulikuwa umeshaona jua na mchanga wa Kajaga, huu ni mpya, unang'aa kama uongo. Bi Ruqaya ameuloweka kwenye chai ya rangi, akaukausha juu ya birika, akausugua na vumbi la kizingiti. Hakusema alikojifunza hayo. Dukani, nadhani. Miaka ya kuuza kitambaa cha jana kama cha leo, akaona na kinyume chake kinawezekana.

Matundu ya sindano bado yapo. Nayafuata. P imekwisha. A imekwisha. Mkono unajua njia, mimi nausindikiza tu.

Dévote amepita mara moja kuuliza. Amesema jua likizidi, askari wa njia ya chini wanaamka vizuri. Akaenda kutafuta kanga ya pili ya kunifunga, nisionekane mwarabu kutoka mbali.

Sasa R.

Mgongo wake umesimama. Tumbo lake nimelizungusha. Mguu ndio sioni. Pale wembe ulichana kitambaa, na matundu yameungana kuwa mpasuko mmoja. Hayanionyeshi mguu ulipindia wapi, nje au ndani. Kule juu mtu ameshika kile kiti mapajani, ananingoja nikosee.

Nilimwambia Bi Ruqaya ukweli. Kwamba siku ile sikuupinda, ulipinda wenyewe kwa sababu nilikuwa nacheka. Akauliza ulikuwa unacheka nini. Nikaona haya hata sasa, hata leo. Nikamwambia: Hamood alikuwa anakuigiza wewe, Mama.

Aliweka chini kibiringo cha uzi. Nikasikia viatu vya Dévote vinapanda ngazi.

Kisha Bi Ruqaya akavuta mtandio wake mbele kidogo, akainua kidole, kile kile, akanitazama machoni.

"Parapanda," akasema.

Nimeweka sindano kwenye kitambaa.

"Parapanda," anasema tena, machozi yanamfika kidevuni. "Cheka, mwanangu."