Vumbi la Mawe Ndani ya Injini

Masumbwe, Jumanne

Na pawatila, trekta langu dogo la mkono, imekataa kuwaka, leo kuliko siku zote. Tope la mvua limeziba njia yetu. Lisiposukumwa na bamba la mbele la pawatila, hakuna gari litakalofika kesho kumpeleka mke wangu hospitali.

Fundi alifungua kichujio cha hewa, akanionyesha unga mweupe. "Mzee, injini hii imesaga mawe ya dhahabu. Pistoni imekwisha."

Mdogo wangu Masanja, aliyeiazima kulimia mpunga, aliinama. "Kaka, nisamehe. Niliifunga kwenye karasha, ile mashine ya kusagia mawe, ya wenzangu wachimbaji, siku mbili tu."

Nilimpa jembe. Tumeshinda na majembe, na tope bado linafika magotini.

Mke wangu ameuliza kama njia imefunguka. Nimemwambia, "Bado kidogo tu." Kabla ya leo sikuwahi kumdanganya.