Tiketi Yangu na Kompyuta ya Waziri

Nyumbani, chumba cha nyuma
Jumapili, 9 Agosti

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Leo nimeapa kukueleza yote bila kuficha, hata yale yasiyonipendeza. Lakini kwanza, hujambo? Mgongo umepoa? Na wale wateja wa dirisha lako la kadi pale benki, bado wanakugombeza kwa makosa yao wenyewe? Sisi tu wazima. Mama anashona sare za shule mpaka vidole vimeota sugu.

Dada yangu, tunayemwita Waziri kwa kupenda kutoa amri, amenunuliwa kompyuta ya chuo. Imekaa juu ya meza yangu ya kusomea, imefunikwa kitambaa kama bibi harusi. Mimi nakuandikia nikiwa kitandani, karatasi juu ya magoti. Nikiisogelea tu, husikia, "Wee, mikono!" Na mwaka jana ni yeye aliyekuja kwako likizo. Kila kizuri huanzia kwake. Mimi hubaki kusimuliwa.

Safari hii Mama ameniahidi zamu yangu. Mwezi ujao ataninunulia tiketi ya basi kuja kwako, kwa kadi ileile ya mkopo iliyonunua kompyuta. "Kadi ina siku za bila riba," anasema, "tutalipa kidogo kidogo." Mjomba, anayejua kila kitu isipokuwa kunyamaza, akadakia: "Lipa kile kiwango cha chini cha kila mwezi tu, dada, benki haina neno!"

Mwalimu wetu wa biashara anafundisha vingine. Anasema siku hizo ni za anayelipa deni lote kabla ya tarehe ya mwisho. Ukibakiza, riba huingia, na hata utakachonunua baadaye hukosa siku zake za bure. Tena hazihesabiwi tangu siku ya kununua, bali tangu hesabu ya mwezi ya kadi inapofunguliwa. Kompyuta ilinunuliwa hesabu ya mwezi ikikaribia kufungwa, kwa hiyo siku zake ni chache kuliko Mama anavyodhani.

Waziri anayo akiba ya kazi yake ya saluni, inayotosha kumalizia deni. Ameitenga kwa ajili ya viatu. Nilipoligusia jambo hili wakati wa kula, alicheka: "Mama, hapo si mwalimu, ni wivu unaongea!"

Wivu upo, Mama Mdogo, sikatai. Nilitamani hata ninyamaze, riba ije, naye aone haya. Lakini ikija, itakayofutwa ni tiketi yangu. Kompyuta itabaki palepale mezani.

Mama amesema hatalipa mpaka apate neno lako, maana wewe ndiye unayeshika kadi za watu kila siku.

Msalimie Baba Mdogo na wale pacha, uwabane mashavu kwa niaba yangu. Mungu akulinde, akupe na wateja wapole.

Mwanao akupendaye, ambaye mfuko wake wa safari uko tayari chini ya kitanda,
Kitindamimba

Tafadhali jibu upesi, na kwa herufi kubwa ili Waziri naye asome: Mama akilipa sehemu tu ya deni, je, tiketi yangu itaanza kutozwa riba siku ileile itakayonunuliwa?