Mafuta Uliyopaka Bunduki ya Mzungu

Baba yangu mpendwa,

Huko uliko sijui kama kuna bunduki. Kama ipo, nakuomba sana, usiipake mafuta.

Nacheka peke yangu hapa Mbugangari mjini, na mume wangu Hassani ameniuliza kutoka kwenye cherehani yake nacheka na nani. Nimemwambia nacheka na wewe. Amesema, "Umusalimie." Basi salamu zake ndizo hizo.

Unakumbuka mwaka ule wa nguruwe pori? Walishuka kutoka msituni wakafukua viazi vya kijiji chetu kizima cha Nyakiriba. Yule Mzungu wa shamba la pareto, uliyekuwa mlinzi wake, alikuwa na bunduki mpya uliyoisifia kuliko watoto wako. "Inajipakia yenyewe!" ulikuwa ukitwambia. Ukivuta kifyatuo, ganda tupu linaruka nje, risasi nyingine inapanda bila mkono wa mtu. Mzungu alipokwenda Usumbura alikuachia uisafishe na ufukuze nguruwe. Ulitembea kifua mbele kama wewe ndiye uliyeitengeneza.

Kisha ikakwama. Ganda liling'ang'ania ndani, likakataa kutoka, na Mzungu alikuwa karibu kurudi. Wewe ambaye sauti yako ilisikika mpaka bonde la pili ukaanza kunong'ona.

Hapo nikauona mlango wangu. Ulikuwa umeapa kwamba binti yako hatashuka mjini Gisenyi kuolewa na Muswahili. Kwako kila Mwislamu wa mjini alikuwa Muswahili, na Muswahili alikuwa mtu wa maneno matamu asiyejua jembe. Hassani alikuwa amekwisha leta posa, ukamrudisha hata kabla hajakaa. Basi nikasema, huku nachambua maharage kana kwamba halinihusu, "Kuna fundi wa cherehani Mbugangari. Vyuma vidogo vidogo ndiyo kazi yake."

Uliniangalia weeee. "Ule wa posa?"

"Ule ule, baba."

"Bon, sawa. Akuje. Lakini akuje kwa bunduki, si kwa weye."

Akaja na mfuko wa vifaa, akatandika mkeka uani, akaifungua bunduki kipande kwa kipande. Akatuonyesha kijikulabu kidogo, hakizidi punje ya hindi, ambacho kazi yake ni kulikamata ganda na kulivuta nje. Ncha yake ilikuwa imekatika. Alichonga kingine kwa tupa kutoka kwenye chuma cha cherehani kuukuu, mchana kutwa, na wewe ukimzunguka ukimkosoa. Mama alipompa maji ya kunywa, ulisema huyu anakunywa sana.

Mlipoijaribu, ganda la kwanza lilitoka, ukainua mikono juu. La pili, mtambo ulirudi polepole ukasimama katikati. "Muswahili!" ulisema.

Hassani aliifungua tena, akapitisha kidole ndani, akakitazama. Kilikuwa na utando mweupe, mzito, ulioganda kwa baridi ya mlima wetu.

"Baba, ulipaka mafuta gani?"

Nawe, kwa fahari zote: "Ya nguruwe. Ya muzuri kabisa. Muzungu mwenyewe anakarangaka nayo mayai."

Nilitamani ardhi inimeze. Hassani aliilaza bunduki chini taratibu, akaniomba maji na udongo safi. Akanawa mara saba, moja kwa udongo, kama dini yake inavyomtaka aliyegusa nguruwe. Wewe uliona unatukanwa uani kwako.

"Mi nashika, Muzungu anashika, weye unaosha na budongo? Mikono yetu iko muchafu?"

"Hapana, baba. Ni dini yangu tu, nyinyi hamna kosa. Shida ni hayo mafuta. Yanaganda, mutambo unavuta kwa nguvu, ndiyo ile kyuma ikavunjika."

Nilijua ataondoka, na posa yake pamoja naye. Yeye akakaa tena mkekani, akaomba mafuta ya taa na kitambaa, akaitumbukiza mle ndani mikono ileile aliyotoka kuiosha.

"We, si umeisha kunawa?" ukamuuliza.

"Nitanawa tena."

Baba, maneno mawili hayo ndiyo yaliyoniozesha, nawe unajua. Aliisugua kila pembe, akaidondoshea mafuta ya cherehani kidogo kidogo. Mlipoielekeza kwenye gogo la mgomba, maganda yaliruka moja baada ya jingine na kuku wakahamia kwa jirani. Ulicheka mpaka kofia ikaanguka. Alipomaliza kunawa ulimwambia bila kumtazama, "Ambia wazee wenu bakuje. Na si kwa bunduki."

Na ndipo ulipoanza lile jambo lako. Kila tulipokuja kukusalimu, tulikuta mlangoni karai la maji, na pembeni rundo la udongo safi juu ya jani la mgomba. Ulidhani Mwislamu hanawi bila udongo anapoingia nyumba ya mtu. Mara ya kwanza nilifungua mdomo nikueleze, Hassani akanikanyaga mguu. Aliinama, akanawa, akasema, "Asante, baba." Akafanya hivyo miaka yote. Msimu wa mvua, wewe mwenyewe ulikuwa ukiukausha udongo wake karibu na moto, na majirani ukawafundisha: "Baislamu banaheshimu nyumba ya mutu, banaosha na budongo!" Wanangu wamekua wakiamini hivyo ndivyo mtu anavyoingia kwa babu.

Sasa nakwambia, maana huko hakuna wa kukucheka: haikuwa lazima, baba. Hata siku moja.

Juzi tulipanda Nyakiriba, mara ya kwanza tangu tukuzike. Kaka alitupokea vizuri, viazi vikiwa jikoni tayari. Mlangoni hapakuwa na karai. Nilikuwa na hamu na wewe. Nikamwambia Hassani, "Ingia tu." Hakuingia. Alikwenda shambani kwako, kwenye maharage, akachota udongo kwa kiganja, akarudi akasimama palepale.

"Nimiminie maji," akasema.

Nikammiminia.

Pumzika, baba. Maharage yamestawi na nguruwe hawajaonekana.

Ni mimi binti yako, uliyemkataza kushuka mjini.