Kiti Nimempelekea Champa

Wifi Janki,

Chapati za ulezi ziko chini ya kitambaa, maharage yapashe tu. Nguo za paani uzianue kabla ukungu haujapanda. Nimewahi basi la Haldwani, nitarudi kesho.

Ukiona Baba hajanywa chai, kosa ni langu.

Asubuhi nilikuwa nakunja uzi mwekundu wa blanketi la Mama, lile aliloliacha nusu kwenye sindano za kufuma. Shada la uzi nilikuwa nimelivika kwenye mgongo wa kiti, kama nifanyavyo siku hizi, ili nivute nikizungusha donge. Baba akaja. Akaketi mbele yangu, akanyoosha mikono yote miwili, nimvike yeye.

Wifi, tangu Mama afariki tukampeleka mtoni kumchoma, Baba hajagusa uzi. Na unajua kila kipupwe shada lilikaa mikononi mwake, Mama akimfokea, "Amka, mzee, uzi wangu unaanguka!" Naye akicheka.

Basi nami na ulimi wangu: "Acha tu, Baba. Kiti hakisinzii."

Nilidhani namtania kama Mama. Akashusha mikono, akaificha ndani ya shali, akarudi kulala.

~~Mwambie naomba radhi.~~ Usimwambie neno. Jua likifika paani, mpelekee shada, keti mbele yake, ungoje. Asiponyoosha mikono leo, kesho nitangoja mimi. Ikitetemeka, kunja polepole. Blanketi halina haraka.

Kiti nimempelekea Champa jirani. Baba akikiulizia, sema kimevunjika mguu.

Wifi yako,
Bhavna