Paka Asiyekula Peke Yake

Mjukuu wangu Kadzo,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Huku Bofu sisi wazima. Shangazi yako amehamia Magongo, karibu na kazi ya mumewe, kwa hivyo nyumbani nimebaki mimi na kuku.

Umeniuliza kwa nini huyo paka wako wa Kisiamu analia ukienda kazini na chakula hakigusi, na daktari wa mifugo amesema hana ugonjwa. Nilipokuwa msichana nilifanya kazi kwa mama mmoja kule Nyali, naye alikuwa na paka kama huyo, macho ya samawati. Mama akasafiri, akaniachia. Nikawa namwekea samaki, nafunga mlango, naenda kufua. Akipiga kelele, nasema ana deko tu. Siku ya tatu alikuwa hajala kitu, nikaogopa atanifia mkononi. Nikachukua sahani yangu ya sima, nikakaa sakafuni kumwangalia huku nikila. Akaja, akaegemeza mgongo kwenye paja langu, akala mpaka akalamba bakuli.

Basi usimwekee ukaondoka. Kaa naye, ule.

Juzi kwenye simu uliniuliza kama mimi ninakula, nikakujibu upesi. Ninakula, mjukuu wangu, ila siku hizi ninakula nimesimama jikoni. Jumapili ukikaa na paka wako, nipigie, uiweke simu hapo chini karibu na bakuli. Nami nitatandika mkeka.

Bibi yako