Kipande Kilicholowa Adhuhuri

Bashir, walaal, ndugu yangu,

Huko uliko sijui kama salamu hufika. Naanza na habari ya shamba, maana hata ulipokuwa na homa ndiyo uliyoiuliza kwanza.

Lori ulilopanda lilikanyaga bomu lililofukiwa kwenye njia ya Balambala, tukakuzika siku ileile. Kesho yake nilikwenda peke yangu kwenye majaribio yetu ya mtama kando ya Tana, kwa kuwa sikujua mahali pengine pa kwenda. Vipande vilikuwa kama ulivyoviacha, viwiliviwili kutoka ukingoni mwa mto hadi juu kwenye mchanga mwekundu: kimoja kina samadi ya mbuzi, jirani yake hakina kitu. Kura ndiyo iliyoamua kipi kipate. Unakumbuka nilivyotaka samadi iwekwe penye udongo mzuri? Ulicheka hadi ukakohoa. "Wewe mtu ya bara, ukichagua mwenyewe utapima moyo yako, si samadi."

Adhuhuri hiyo kipande kimoja kisicho na samadi, kile cha juu kabisa, kikalowa. Mvua haikuwepo. Udongo ulikuwa na unyevu kidogo tu, kama mtu ametawadha hapo akaenda zake. Jua lilipoinama pakakauka. Siku iliyofuata, vilevile. Nikachimba pale na katika vipande jirani: chini pakavu kote. Vibarua wakakataa kupakanyaga. Askari aliyetulinda akasema upuuzi, akaenda kusimama pale mchana na bunduki yake. Alirudi viatu vimelowa, na tangu hapo hakunitazama machoni.

Mtama wa pale ukaupita wa vipande vyote.

Bashir, laiti ungekuwa mtama tu. Lakini unajua watu wa kwenu walivyokuwa wamekusanywa na serikali kijijini chini ya ulinzi, mifugo yao imechukuliwa, wakisubiri kama watagawiwa ardhi ya mto. Mkubwa wetu wa kilimo alisema wazi: tukionyesha kwamba samadi inazalisha, atawaombea mashamba. Mama yako alikuwa miongoni mwao. Nikapiga hesabu. Kipande kile kikiwamo, tofauti ya samadi ilizama, haikutofautika na bahati tu. Nikikitoa, samadi ilishinda waziwazi.

Mkubwa akasema, "Kitoe. Kipande cha majini hakihesabiwi."

Nilikaa na kalamu mkononi. Mkono ulikuwa baridi, na hii ni Garissa. Nilisikia mtu akikohoa nyuma yangu, kile kikohozi chako cha kicheko. Sikugeuka. Niliogopa kukuona, na niliogopa zaidi kutokukuona.

Nikaenda kijijini kwa mama yako. Nilimweleza yote, hata kwamba ardhi ambayo ingekosekana ilikuwa yake. Alisokota ncha ya shungi lake. Kisha akasema, "Mtoto yangu hakudanganya akiwa hai. Usimfanye muongo na yuko kaburini." Akanimiminia chai. Ilikuwa na chumvi badala ya sukari, sukari haikuwepo. Niliinywa yote.

Sikukitoa. Niliandika kwamba hatujui bado, nikaomba msimu mwingine na vipande zaidi. Mkubwa alinitupia karatasi, lakini akaweka sahihi. Wao wakaendelea kusubiri, na kila nilipopita langoni mwa kijiji kile niliinamisha kichwa. Mtoto mmoja alikufa katika kusubiri huko. Hilo nalo nakwambia, usije ukadhani kusema kweli kulikuwa kwepesi.

Msimu mpya nikapiga kura upya, kwa kofia yako. Mahali pale pakaangukiwa na samadi. Tukapanda. Kote mbegu zikaota, isipokuwa pale. Hata jani moja. Nilipanda tena kwa mkono wangu, hazikuota. Adhuhuri palilowa kama kawaida.

Ulikuwa unanijaribu, ee? Au ulikuwa unanifundisha tu, na mimi ni mwanafunzi mzito?

Niliandika sifuri. Na pamoja na sifuri hiyo, Bashir, samadi ilishinda! Vipande vilikuwa vingi vya kutosha kulibeba lile pengo. Mkubwa hakupata pa kubishia. Wamegawiwa mashamba. Mama yako alionyeshwa sehemu kadhaa achague, akachagua ya juu, yenye mahali pale. Amepanda kuzunguka, katikati ameacha wazi. Nilimuuliza kwa nini. Akanitazama kama anayemtazama mjinga, akasema, "Hapo kuna mtu."

Kuanzia siku aliyohamia, pamekauka. Hapalowi tena. Nimekwenda kila adhuhuri kuangalia, na sasa, Mungu anisamehe, natamani palowe tena.

Nimepewa uhamisho, naenda Bute. Nitapita njia ya Balambala kwanza, mchana, kwa miguu ile sehemu ya mwisho, hata askari wakinikataza. Nitasimama palipochimbika kwa bomu nikuombee kwa maneno ya kwetu, maana ya kwenu hukuwahi kumaliza kunifundisha. Na Bute nitatafuta mtu wa kunimalizia. Hiyo ni ahadi.

Kwaheri, walaal. Pumzika sasa.

Njeru