Bao la Kiboko Halifutwi

Mpwa wangu Kyalo,

Ni mimi mjomba wako Musembi, yule ambaye bila yeye mpira usingechezwa kati ya Kitui na Makueni. Wewe unajua. Makocha wana vyeti vyao, lakini mimi nikikohoa kando ya uwanja hata refa anaangalia saa yake mara mbili. Nilitaka kukuandikia kitambo. Kila nikishika kalamu mkono unakuwa mzito, na si ati sijui kuandika, darasa la sita nililimaliza vizuri.

Sasa imenibidi, kwa sababu walitaka kulifuta bao lako.

Si unakumbuka tulivyotoka Kiboko baada ya ile nusu fainali? Penalti yako ya dakika za mwisho, moja bila, na sisi watu wa Nuu tukaimba mpaka sauti zikaisha. Ukaniambia, "Mjomba, Emali tutawapiga mpaka wasahau njia ya kwenda kwao." Nikakuambia wakiniona mimi tu watarudi nyumbani bila kucheza. Ukacheka, ukaniegemea begani, unanuka jasho na dawa ya kuchua miguu. Fainali ilikuwa Jumamosi. Kabla Jumamosi haijafika, redio ikasema korona imeingia, watu wasikusanyike, mpira pia basi. Tukadhani ni mambo ya wiki mbili.

Halafu wewe, Kyalo. Wewe uliyekuwa unapakia mbuzi wa mzee Abdi kwenye lori, mmoja kila bega, bila kuhema. Ukaanza kukohoa. Nilisema ni vumbi. Nilimwambia mama yako akupikie uji wa wimbi, kwamba nimewahi kuona kikohozi kama hicho kikimtoka fahali. Aiya.

Walikuleta asubuhi, watu wamevaa meupe mpaka usoni, na chifu akasema wachache tu ndio wasogee. Mimi nilibaki nje ya ua wa miiba. Hata konzi moja ya udongo sikukutupia. Wimbo ulianza, ukakatizwa. Huko sokoni wanasimulia ati niliwasukuma wale wa meupe nikabeba jeneza peke yangu. Sijui nani alianzisha hiyo hadithi.

Mama yako amezeeka. Akipika muthokoi anapima mahindi kama zamani, kisha anasimama, anarudisha nusu kwenye gunia. Mzee Abdi naye, akimwita mfanyakazi wake mpya, anaanza na jina lako. Yule kijana amezoea, anakuja tu.

Basi juzi kamati ya kombe ikatuita Emali. Kombe linarudi, lakini ati linaanza upya. Lile lililokatizwa lifutwe lote, mechi zote, mabao yote, kama halikuchezwa. Nilipomwambia mama yako habari hiyo, aliweka sufuria chini.

"Kwa hivyo mtoto wangu hakufunga?"

Hiyo tu. Akaingia nyumbani.

Nikavaa koti langu la harusi nikaenda. Mwenyekiti ni kijana, mpole, akaniuliza, "Mzee, wewe ulikuwepo Kiboko? Hebu tuambie hilo bao." Nikasimama. Nikawaambia ulipiga mpira ukapasua wavu, ukavuka barabara ya Mombasa, ukaangusha mbuzi aliyekuwa anakula mahindi ya kile kituo cha utafiti wa mazao kilicho ng'ambo. Wakacheka mpaka wengine wakashika meza. Mmoja akasema, "Mwulizeni kama huyo mbuzi hakuwa ameotea!"

Hapo nikaona nimekuharibia, Kyalo. Niliketi.

Ndipo kijana mmoja mrefu akasimama kule nyuma. "Mimi ndiye niliyekuwa kipa wa Kiboko siku hiyo," akasema. "Wavu haukupasuka. Mambo ya mbuzi siyajui. Lakini mpira niliutoa wavuni kwa mikono yangu, nikaketi chini nikalia mbele ya watu wa kwetu. Sasa mkifuta hilo bao, mimi nililia nini?"

Hakuna aliyecheka. Nahodha wa Emali naye akasema hawataki kombe la kuanza upya wakati wana deni la mechi na sisi. "Waje tucheze," akasema. Kamati ikanong'onezana, ikakubali. Fainali yetu ichezwe kwanza, ndipo kombe jipya lianze. Bao lako limebaki.

Niliporudi, mama yako alikuwa ameketi nje. Nilimwambia, "Alifunga." Akaitikia kwa kichwa. Akanipikia chai akatia sukari nyingi, kama ya mgeni.

Tunacheza Jumamosi hii. Mzee Abdi ametoa lori, anasema ataliosha, lakini najua tutafika Emali tukinuka mbuzi. Mama yako anakuja. Nakuahidi nitamketisha mahali anapoona magoli yote mawili, na sitamwacha peke yake hata kidogo. Tukipewa penalti, nitasimama palepale kando yake na macho yangu wazi.

Kwaheri, mwana wa dada yangu. Pumzika, kelele zetu zisikuamshe.

Lakini mama yako ameanza kuniuliza bao lilikuwaje, lote, tangu ulipoweka mpira chini, na yeye siwezi kumletea habari za mbuzi. Kyalo, mimi penalti huwa zinanishinda. Refa alipopuliza filimbi nilikimbilia nyuma ya choo cha uwanja, nikajifunika uso kwa kofia, nikasikia tu watu wakipiga kelele. Yule kipa nilitaka kumuuliza, nikaona haya.

Ulipiga upande gani?